Sawa na Nini?

Mwaka 1916, katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, mwimbaji wa opera Marie Rappold alisimama jukwaani kando ya kabati la mbao. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na gramafoni mpya ya kampuni ya Thomas Edison, na juu ya gramafoni ilizunguka sahani yenye sauti ya Rappold mwenyewe. Aliimba pamoja na sahani, akanyamaza na kuiacha iendelee peke yake, kisha akaidaka tena. Kazi ya wasikilizaji ilikuwa moja tu: kujaribu kutofautisha. Kampuni ya Edison iliandaa maonyesho ya namna hiyo kwa maelfu, kuanzia 1915 hadi katikati ya miaka ya 1920, katika miji mikubwa na midogo ya Marekani. Katika mengi kati yake taa zilizimwa wimbo ukiwa katikati. Zilipowashwa, watu waligundua kwamba mwimbaji alikwisha kuondoka na wao walikuwa wakilisikiliza kabati.

Sahani zile zilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa, mawimbi ya sauti yakasukuma kiwambo, kiwambo kikasukuma sindano, nayo sindano ikachora mfereji kwenye nta. Besi haikuingia. Mivumo ya juu kabisa, ile inayotuwezesha kusikia "s" na "sh" vizuri, nayo haikuingia. Mpe kijana wa leo asikilize rekodi kama hiyo, atauliza kama ni simu yenye mtandao mbovu. Sasa ilikuwaje watu wazima, wengine wenye mazoea ya kwenda kusikiliza opera, wakashindwa kutofautisha? Sehemu ya jibu ilitoka kwa Anna Case, mmoja wa waimbaji mashuhuri wa maonyesho hayo. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alieleza kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ili ifanane na ile ya mashine.

Nasema sehemu ya jibu, kwa sababu sehemu nyingine ni ya wasikilizaji. Walikuwa hawajawahi kusikia kitu cha kukilinganisha na sahani ile isipokuwa sahani mbaya zaidi.

Mimi ni mgonjwa wa spika. Naijua bei ya vitu ambavyo sitavinunua, na jijini Dar es Salaam yapo maduka mawili matatu ambayo wauzaji wake wamekwisha kunizoea: naingia, nasikiliza, nashukuru, naondoka. Wanachouza siku hizi katika chumba cha ndani, kile chenye zulia na mlango mzito, ni sinema nzima ya nyumbani: projekta ya leza, skrini inayoruhusu sauti ipite kwenye vitundu vyake, spika tatu nyuma ya skrini, nyingine ubavuni na mgongoni, nne darini, na sabufa mbili zenye ukubwa wa friji ndogo. Wapenzi wa mambo haya huandika mpangilio huo kwa namba, 7.1.4: spika saba za kukuzunguka, njia moja ya besi, nne za juu. (Kwetu "sabufa" limekuwa jina la seti nzima. Mtu akisema amenunua sabufa, ana maana amenunua muziki wa sebuleni, wenye taa za rangi na sehemu ya kuchomeka flashi. Nalipenda kosa hilo, maana linaonyesha tunachokithamini.) Kompyuta ndogo huratibu kila kitu: unaweka maikrofoni mahali pa kukaa, spika zinapiga mlio mmoja mmoja, nayo inapima chumba na kurekebisha sauti kulingana na kuta, sakafu na makochi. Vifaa vya juu kabisa vya aina hii vina njia 16 au 32 za sauti. Zipo spika ambazo jozi yake inazidi dola 100,000.

Muuzaji akimaliza kukuonyesha atasema sentensi ileile wanayoisema wauzaji wote: "Kaka, hapa ni kama uko pale pale."

Pale wapi? Historia yote ya vifaa hivi, tangu lile kabati la Edison, imo ndani ya swali hilo. Tukisema sauti ni halisi, tuna maana ni sawa na nini?

Jibu la kwanza, lililodumu kwa miaka mingi, lilikuwa rahisi: sawa na mtu anayepiga ala mbele yako. Mwaka 1925 ulikuja urekodi wa umeme, maikrofoni ikachukua nafasi ya pembe, na mwaka huohuo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric wakachapisha maelezo ya spika ya koni yenye koili inayosogea ndani ya sumaku. Spika karibu zote tunazozijua, kuanzia ile ya daladala hadi ile ya dola 100,000, ni wajukuu wa kitu kile. Kilichobaki kilikuwa nafasi. Okestra haiko katika kitundu kimoja. Fidla ziko huku, matarumbeta kule.

Suala la nafasi liliibuka, kwa bahati ninayoiona nzuri mno kwa insha hii, ndani ya sinema. Alan Blumlein alikuwa mhandisi wa kampuni ya EMI, London. Simulizi inayotoka kwa mkewe ni kwamba mwaka 1931 walikwenda kutazama filamu, naye akakereka kwa kuwa mwigizaji alikuwa upande mmoja wa skrini huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Akamwambia mkewe kwamba anajua njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Desemba mwaka huo aliwasilisha maombi ya hataza ambamo tunaukuta karibu msingi wote wa stirio: jinsi ya kuweka maikrofoni mbili, na jinsi ya kuchora njia mbili katika mfereji mmoja wa santuri. Dunia haikuwa na haraka. Santuri za stirio ziliingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Blumlein alikwisha kufa mwaka 1942, akiwa na miaka 38, katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu mtambo wa rada.

Wamarekani walilifanya kwa mbwembwe zaidi. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwao, sauti ikasafirishwa kwa nyaya za simu katika njia tatu, ikatolewa na spika katika ukumbi mmoja wa Washington. Kiongozi wake, Leopold Stokowski, hakuwa na okestra. Alikuwa Washington, akikorogakoroga vidhibiti vya sauti. Napenda kuifikiria picha hiyo: mwanamuziki mkubwa ameiacha okestra mikononi mwa msaidizi ili yeye akae na mashine.

Lakini mtu ninayetaka kukaa naye ni Edgar Villchur.

Villchur alizaliwa New York mwaka 1917, na elektroniki alijifunza jeshini wakati wa vita vya pili. Baada ya vita alifundisha masomo ya jioni kuhusu utoaji wa sauti katika Chuo Kikuu cha New York. Tatizo lililomsumbua lilikuwa besi. Ili koni itoe sauti nzito ni lazima isogee mbali, mbele na nyuma, na kadiri inavyosogea ndivyo ule mshikio wake, duara la kitambaa au karatasi linaloishika ukingoni, unavyoikataza. Tena hauikatazi kwa usawa: mwanzo unakubali, mwisho unagoma. Kwa hiyo sauti inayotoka hailingani na umeme ulioingia. Wahandisi wengine walilikwepa tatizo hilo kwa ukubwa. Paul Klipsch, kutoka mji mdogo wa Hope katika jimbo la Arkansas, alikuwa akitengeneza tangu 1946 spika ya pembe iliyojikunja ndani ya kasha kubwa. Ilikaa kwenye kona ya chumba na kuzifanya kuta zenyewe ziwe sehemu ya pembe. Ilikuwa, na bado ni, kitu cha ajabu kukisikia. Ila lazima uwe na kona mbili tupu na mke au mume mvumilivu.

Villchur alifanya kinyume. Alilegeza mshikio mpaka ukawa karibu hauna nguvu, kisha akalifunga kasha lisipitishe hewa. Koni ikirudi nyuma inaibana hewa ya ndani, ikienda mbele inaitanua, na hewa hiyo ndiyo inayoirudisha mahali pake. Hewa ni springi iliyo sawa pande zote kuliko kitambaa. Jambo lililowashinda watu kuamini ni tokeo lake: ili springi iwe na nguvu ya kutosha, kasha lilipaswa kuwa dogo. Kasha dogo, besi safi zaidi. Alijaribu kuwauzia wazo hilo watengenezaji waliokuwa na jina, wakalikataa. Mwaka 1954 yeye na mwanafunzi wake Henry Kloss wakaanzisha kampuni yao, Acoustic Research, mjini Cambridge, Massachusetts, wakatoa spika iliyoitwa AR-1 kwa bei ya dola 185. Iliweza kuwekwa kwenye rafu ya vitabu, na besi yake ilizifanya spika nyingi zenye ukubwa wa kabati la nguo zionekane zimechoka. Stirio ilipokuja miaka michache baadaye, ikidai spika mbili katika kila sebule, udogo huo ukawa dhahabu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kampuni ile ilikuwa na karibu theluthi moja ya soko la spika la Marekani.

Ninachompendea Villchur zaidi ni jinsi alivyokubali kupimwa. Alirudia mchezo wa Edison, akiwa na masharti magumu zaidi. Huko Uingereza Gilbert Briggs wa Wharfedale alikwisha kufanya maonyesho ya kulinganisha muziki hai na rekodi, Royal Festival Hall mwaka 1954 na kisha Carnegie Hall mwaka 1955. Villchur aliichukua Fine Arts Quartet, wanamuziki wanne wa ala za nyuzi, akazunguka nayo. Waliketi jukwaani kati ya spika mbili, wakaanza kupiga, na mahali fulani katikati ya muziki pinde zikaacha kugusa nyuzi huku mikono ikiendelea kwenda na kurudi. Muziki uliosikika ulikuwa wa tepu. Wakosoaji wa muziki waliokuwapo walikiri kwamba hawakuweza kusema kwa uhakika ni wakati gani mabadiliko yalitokea.

Kulikuwa na siri moja, na haikuwa ya hila. Ukirekodi ndani ya ukumbi, rekodi inabeba mwangwi wa ukumbi; ukiipiga ndani ya ukumbi mwingine, mwangwi unakuwa mara mbili na sikio linashtuka. Kwa hiyo wanamuziki walirekodiwa nje, penye uwazi usio na kuta, ili tepu iwe na ala tupu na ukumbi uongeze mwangwi wake wenyewe. Ukiufikiria utaratibu huu utaona kwamba Villchur alikuwa amelijibu swali letu kwa ukamilifu usiowahi kurudiwa: sawa na watu hawa wanne, katika ukumbi huu, dakika hii. Asili ilikuwapo palepale, imeshika pinde.

Kampuni ilikuwa pia na vyumba vya kusikilizia katika kituo cha treni cha Grand Central jijini New York na katika Harvard Square huko Cambridge, ambako hakuna aliyeruhusiwa kukuuzia chochote. Uliingia ukakaa, ukasikiliza ukiisubiri treni yako. Nafikiri kama nisingezaliwa huku ningehamia pale na godoro.

Nyumbani, hata hivyo, hakuna kikundi cha fidla cha kulinganisha nacho, na ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mwaka 1962 J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile, na mwaka 1973 Harry Pearson akaanzisha la pili, The Absolute Sound. Pearson alikuwa na imani iliyo wazi: kipimo cha kifaa ni sauti ya ala zisizopazwa zikipigwa katika mahali halisi. Imani nzuri. Lakini mkaguzi aliyekaa na amplifaya nyumbani alikuwa akilinganisha rekodi na kumbukumbu yake ya tamasha, na kumbukumbu ya sauti ni mali inayochakaa haraka. Kadiri kipimo kilivyokuwa mbali, ndivyo lugha ilivyonenepa. Waya ulikuwa "wa vuguvugu", amplifaya ikawa na "pumzi". Waya wa kawaida wa shaba wa kuunganishia spika ukapata ndugu wa ghali kuliko spika zenyewe.

Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver aliwaambia wahariri wa Stereophile wamchagulie amplifaya yoyote wanayoihusudu, naye ataifanya amplifaya yake ya bei nafuu isikike vilevile. Wakamchagulia ya taa, ghali sana. Carver alijifungia na vyombo vyake, akawa anatoa umeme wa amplifaya moja kutoka kwa ule wa nyingine na kurekebisha mpaka tofauti iliyobaki ikawa ndogo mno. Waliposikiliza, masikio yao yakashindwa kuzitenganisha. Baadaye lilifuata jambo lenye uzito zaidi kwangu, kwa kuwa halikuwa dau la watu wawili watatu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, walichapisha jaribio ambamo watu haohao walizipa alama spika zilezile mara mbili: zikiwa zinaonekana, na zikiwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, spika kubwa za gharama zilipanda na seti ndogo ya bei nafuu ikashuka. Pazia liliposhuka, pengo likapungua sana. Wasikilizaji hao hawakuwa watu wa barabarani; walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika.

Toole aliendelea kuuliza kitu kingine, na hapa ndipo hoja inaponibana. Rekodi unayoitumia kupima spika yako ilichanganywa na fundi aliyekuwa akisikiliza spika nyingine, katika chumba kingine. Kama spika zake zilikuwa na besi haba, aliongeza besi. Huwezi kujua. Muziki haujawahi kuwa na kiwango kinachofuatwa na studio zote cha jinsi chumba cha kuchanganyia kinavyopaswa kusikika. Unaipima spika kwa rekodi, na rekodi ilipimwa kwa spika. Toole aliliita hilo duara la mkanganyiko.

Sasa turudi kwenye chumba chenye zulia.

Henry Kloss, yule mwanafunzi wa Villchur, alitoka Acoustic Research mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuuza kupitia kampuni yake ya Advent televisheni ya projekta kwa ajili ya nyumba, yenye skrini iliyofikia mita mbili kutoka pembe hadi pembe. Kwa maoni yangu sinema ya nyumbani ilianzia hapo. Mengine yalikuja mfululizo: diski za leza mwaka 1978, kanda za video zenye stirio safi katikati ya miaka ya 1980, kiungio cha Dolby cha kutoa sauti ya kuzunguka kutoka kwenye kanda hizo, DVD mwaka 1996 na 1997, na hatimaye Dolby Atmos, iliyoanza kumbini mwaka 2012 na filamu ya Brave na kuingia majumbani mwaka 2014. Kwa Atmos fundi anaweza kuiambia sauti ya helikopta ipite juu ya kichwa chako, na kompyuta yako ikaamua ni spika ipi ya darini ifanye kazi hiyo.

Pale wapi, basi? Mngurumo wa T. rex katika Jurassic Park ya 1993 ulitungwa na Gary Rydstrom kutokana na sauti za wanyama kadhaa, akiwamo mtoto wa tembo, simbamarara na mamba. Ndege za kivita za Star Wars, ya 1977, Ben Burtt alizipa mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia mnyama yule wala ndege ile. Kiatu kinachokanyaga changarawe kilirekodiwa na mtu mwingine studioni, na mara nyingi hata maneno ya mwigizaji yamerudiwa upya mbele ya maikrofoni miezi baada ya kupigwa picha. Filamu haina asili ya kuilinganisha nayo. Kila sauti ni ya kutungwa.

(Kuhusu tembo nina neno la pembeni. Wapenzi wa sinema za nyumbani hutumia fedha nyingi kuishusha besi hadi hezi 20 na chini yake, mahali ambapo sikio linaachia na kifua kinapokea. Miaka ya 1980, huko Amboseli, Kenya, Katy Payne na Joyce Poole walirekodi tembo wakizungumza katika masafa hayohayo, chini ya uwezo wetu wa kusikia. Hollywood ilichukua kelele za juu za tembo ikawapa madude, ile sauti ya chini ikabaki mbugani.)

Na hata hivyo, kadiri ninavyolifikiria, ndivyo ninavyoona kwamba sinema, mama wa uongo wote, ndiyo yenye jibu la heshima zaidi kwa swali letu. Filamu inachanganywa katika jumba maalumu la kuchanganyia sauti, na tangu miaka ya 1970 kuna viwango vya kimataifa vinavyosema jinsi jumba hilo na kumbi za kuonyeshea zinavyopaswa kupimwa. Tomlinson Holman, aliyebuni mfumo wa THX kwa ajili ya kampuni ya George Lucas mwaka 1983, alisukuma nidhamu hiyo mbele, kwanza kumbini na baadaye majumbani. Kipo hata kiwango cha ukubwa wa sauti: kilele cha kila njia kuu ni desibeli 105, na cha njia ya besi ni 115. Kwa hiyo yule mtu aliyeweka spika nne darini, akapima chumba chake kwa maikrofoni na kukirekebisha mpaka usiku wa manane, anajua anachokitafuta. Anatafuta chumba kimoja huko California, jinsi kilivyosikika siku waliyoidhinisha filamu. Chumba hicho kilikuwapo, na spika zake zilipimwa. Mpenzi wa muziki mwenye jozi ya dola 100,000 hana anwani kama hiyo.

Sisemi kwamba anwani hiyo ni lazima iwe yetu. Nimekulia kwenye vibanda vya video, ambako filamu ya Kimarekani au ya Kihindi ililetwa ikiwa na sauti ya mtu juu yake, Lufufu au mmoja wa wenzake, akitafsiri, akitania, akimwonya stelingi kuhusu adui aliyejificha nyuma ya mlango. Mlipuko uliofanyiwa kazi wiki nzima na mafundi wa Hollywood ulishushwa ili tumsikie yeye. Mhandisi wa THX angelia. Sisi tulicheka mahali palepale msimulizi alipotaka tucheke, kupitia spika moja iliyopasuka.

Mwaka jana nilikwenda kwenye moja ya yale maduka nikiwa na flashi yenye nakala za rekodi za Siti binti Saad, zile zilizofanywa Bombay kuanzia 1928 kwa ajili ya lebo ya HMV, nikaomba zipigwe kwenye mfumo wao mkubwa. Muuzaji alisikiliza nusu dakika akasema, "Kaka, faili yako mbovu." Mtambo ule ulikuwa ukitoa kila mkwaruzo kwa uaminifu wa kutisha, mikwaruzo ilikuwa na nafasi, kina na uzito kuliko sauti ya mwimbaji. Tukapunguza. Tukazima spika zote tukabakiza ile moja ya katikati, nayo ikawa nafuu. Sauti ikatoka mbele, kavu, karibu.

Hapo sikuwa na cha kulinganisha hata kidogo. Santuri nyingi za enzi ile hazikurekodiwa katika mizunguko 78 kamili kwa dakika, na ukiipiga kwa kasi isiyo yake sauti inapanda au kushuka. Kwa hiyo katika rekodi za aina hiyo hata kimo cha sauti ya mtu ni suala la kukadiria. Siti alifariki mwaka 1950. Wale waliomsikia barazani Zanzibar akiimba bila mashine hawawezi tena kuitwa gizani waamue. Kuna kampuni ngapi zinazoshindana kutoa mkwaruzo safi zaidi, na ni santuri ngapi za pwani hii zinazoliwa na joto na unyevu kwenye maboksi, hazijanakiliwa hata mara moja? Muuzaji aliniuliza kama nataka kusikia Top Gun. Tukaisikiliza. Ilikuwa tamu sana, siwezi kukataa.

Villchur naye aliiacha biashara. Mwaka 1967 kampuni yake iliuzwa, akarudi mji wa Woodstock alikokuwa akiishi, akaanza kutafiti uziwi. Vifaa vya kusaidia kusikia vya wakati ule vilikuza kila kitu kwa pamoja, na watu wengi walivitupa drooni. Villchur alielewa kwa nini. Katika aina iliyoenea zaidi ya upungufu wa kusikia, sauti ndogo hupotea kabisa ilhali sauti kubwa husikika karibu kwa ukali uleule wa kawaida. Nafasi iliyo kati ya kutosikia na kuumia imebanwa. Ukikuza vyote, unaumiza. Akabuni njia ya kugawa sauti katika mafungu ya masafa na kuzikuza zile ndogo zaidi kuliko kubwa, kila fungu kwa kadiri ya upungufu wa mhusika. Aliichapisha mwaka 1973, wala hakuikatia hataza. Utaratibu huo sasa umo katika karibu kila kifaa cha kusikia kinachouzwa.

Ili kuielewa kazi yake alihitaji kujua asiyesikia vizuri anasikia nini hasa, na mtu aliyezaliwa hivyo hawezi kukueleza tofauti. Villchur alitengeneza mtambo wa kuiga upungufu huo, kisha akatafuta watu wenye sikio moja zima na moja bovu. Katika sikio zima aliweka sauti iliyoharibiwa na mtambo wake. Katika lile bovu aliweka sauti safi. Halafu akawauliza kama zinafanana.